Udongo Unaoyakataa Maji

Fundi wa chemchemi niliyemfuata mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, hakuja na mfuko wa saruji siku ya kwanza. Alikuja na jembe, sururu, bidoni tupu ya lita 20 na simu ya kuhesabia sekunde. Tulishuka hadi chini ya bonde moja katika komini ya Bulengera, pahali ambapo akina mama walikuwa wakichota kwa bakuli kwenye kidimbwi kisichozidi upana wa karai. Akavua viatu, akaingia kwenye majimaji na kusimama kimya. Miguu yake ilikuwa inatafuta: wapi pana baridi zaidi, wapi panazama, wapi pana ugumu chini ya tope.

Kiswahili kina jina zuri la pahali kama hapo: jicho la maji. Butembo wengi wamelichukua neno la Kifaransa, husema wanaenda source, na huko ndiko watoto wanakotumwa alfajiri kabla ya shule. Mji huu uliokaa juu ya vilima, karibu kabisa na mstari wa ikweta, una nyumba nyingi mno zisizo na bomba. Kila bonde lina jicho lake, na kila jicho lina foleni ya bidoni za njano.

Nilimuuliza swali la mtu asiyeijua kazi: Papa, maji haya yanatoka wapi?

Akanitazama kwa upole. "Uliza kwanza ni nini kimeyakataza kushuka zaidi."

Jibu hilo nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu ndani yake ndimo ufundi wake wote ulimo. Sisi wengine tukiona chemchemi tunawaza juu ya maji. Yeye huwaza juu ya kile kisichopitisha maji. Mvua hunyesha mlima mzima, na laiti mlima mzima ungekuwa mchanga mtupu hadi chini, maji yangezama moja kwa moja pasipo mtu kuyaona tena. Yanatokea hapa, mguuni pa mtu, kwa sababu huko ndani yamekutana na kitu kilichoyaambia: hapana, pita kando.

Uwekundu wa vilima vya Butembo una siri yake. Ule ni udongo wa mfinyanzi, na mtu angetarajia uyazuie maji. Lakini mvua nzito ya alasiri ikipiga shamba la maharage lenye majani ya kutosha juu yake, maji hunywewa kana kwamba yamemwagwa juu ya mchanga. Sababu ni kutu. Chuma kilichomo katika udongo huo hugandisha chembe za mfinyanzi zikawa vidonge vidogo sana, na kati ya kidonge na kidonge hubaki njia. Ukitaka kujua nguvu ya vidonge hivyo, nenda barabarani. Udongo uleule, ukikanyagwa na miguu, pikipiki na malori wakati umelowa, vidonge vyake huvunjika, njia hufungika, na dimbwi hukaa juu yake siku tatu. Shambani unakunywa, barabarani unakataa, na udongo ni ule ule mmoja.

Chini ya wekundu kuna mwamba uliooza. Fundi huuita jiwe lililochoka. Ni jiwe kwa sura, lina mistari yake na vipande vyake vinavyometa, ila ukilibonyeza kwa vidole linamegeka kama keki kavu. Humo maji hutembea vizuri. Halafu chini zaidi jiwe linaacha kuchoka. Linakuwa gumu, zima, na pale lisipokuwa na ufa maji hayana pa kupita. Yanajikusanya juu yake, yanainamia upande wa bonde, na yanashuka taratibu gizani kufuata mgongo wa jiwe. Pale bonde lilipoukata mlima chini ya kimo hicho, yanatoka nje. Hilo ndilo jicho.

Kwa hiyo kazi ya siku mbili za kwanza ilikuwa kuchimba kurudi nyuma. Fundi na vijana wake wawili walianza kwa kuchimba mfereji wa kuteremsha maji ya kidimbwi, maana mtu hafanyi kazi ya macho akiwa na machozi. Wakaondoa tope jeusi, majani yaliyooza, mizizi ya matete. Chini ya tope kulikuwa na udongo wa kijivu, laini kama siagi. Wakaufuata. Maji yalikuwa yakija kwa nyuzi tatu, moja nene na mbili nyembamba, na kila uzi waliufuata kwa mikono badala ya jembe ili wasiuzibe. Hatua nne ndani ya mlima sururu ikabadili sauti. Ilikuwa ikisema *chubu*, ikasema *ngi*. Fundi akainua mkono, vijana wakaacha. Akapiga magoti, akafuta kwa kiganja, na hapo nikaona: jiwe la rangi ya majivu, na juu yake, katika mshono kati ya jiwe lililochoka na jiwe zima, maji yakitoka kama jasho, safi, bila chembe ya tope. Jicho lenyewe lilikuwa huku. Kile kidimbwi watu walichokuwa wakikinywa miaka yote kilikuwa machozi yake tu yaliyotiririka hadi chini ya bonde.

Akachukua kigingi, akakipigilia kando ya jicho hasa mahali maji yalipokuwa yanatokea. Kisha akaomba mpira wa maji, ule mrija mwangavu ambao mafundi hutumia kuhamisha kimo kutoka upande mmoja wa ujenzi hadi mwingine. Akaukamata mwisho mmoja kigingini, kijana akaenda na mwisho wa pili hadi mahali ukuta ungesimama, na huko wakapigilia kigingi cha pili. Kutoka hapo akapima shubiri moja kushuka chini, akatia alama ya mkaa. Bomba la kutokea lingekaa hapo, chini ya jicho, na lisipande hata unene wa kidole juu ya alama.

"Kigingi hiki ndicho chifu," akasema. "Ukiyapandishia maji kizingiti, yanahama."

Hili ndilo kosa linaloua chemchemi nyingi. Mtu mwenye nia njema na saruji nyingi hujenga ukuta mrefu ili maji yajae nyuma yake kama bwawa. Wiki ya kwanza yanajaa. Wiki ya tatu bomba linaanza kudondosha, na mita ishirini pembeni, katika shamba la jirani, panakuwa tope jipya. Maji hayakukauka. Yalikataliwa mahali pasipostahili, yakatafuta mlango mwingine.

Kanuni ya jambo hili iliandikwa na mtu wa chemchemi pia. Henry Darcy alikuwa mhandisi wa mji wa Dijon, Ufaransa. Mwaka 1840 aliuletea mji wake maji ya chemchemi ya Rosoir kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 12, na mwaka 1856 akachapisha kitabu kikubwa juu ya maji ya umma ya mji huo. Mwishoni mwa kitabu aliweka majaribio aliyoyafanya kwa bomba lililosimamishwa wima na kujazwa mchanga. Alikuta kwamba maji yapitayo huongezeka kadiri tofauti ya kimo kati ya juu na chini inavyoongezeka, hupungua kadiri safu ya mchanga inavyonenepa, na hutegemea tabia ya mchanga wenyewe. Hadi leo kila mtaalamu wa maji ya ardhini, kuanzia Nairobi hadi Kinshasa, huanza hesabu zake hapo. Ukipandisha mdomo wa chemchemi kwa nusu mita, umepunguza tofauti ya kimo inayoyasukuma maji kuja kwako, na njia nyingine zote zilizobaki chini zimekuwa rahisi kuliko yako. Fundi wangu hajasoma kitabu cha Dijon. Kigingi chake kinasema maneno yale yale.

Msukumo wa mlima, basi, hawezi kuuongeza. Anachoweza ni kupanga nani apitishe maji na nani ayakatae. Hapo ndipo udongo wa kijivu unapoingia.

Siku ya tatu tulishuka bonde la chini, kwenye wafyatua matofali. Mabonde ya Butembo yamejaa kazi hiyo: safu za matofali mabichi zilizofunikwa majani, tanuru zinazofuka moshi wa mikaratusi. Wanachota udongo ule ule wa kijivu anaoutaka fundi. Ni ndugu wa udongo mwekundu, ila ameishi chini ya maji muda mrefu kiasi kwamba kutu yake imeyeyuka na kuondoka. Bila kutu hakuna kinachoshikilia vidonge, na chembe hubaki peke yake, moja moja. Chembe ya mfinyanzi haifiki hata sehemu 2 za elfu ya milimita, na ina umbo la bapa kama gamba la samaki. Zikilaliana, njia kati yake huwa nyembamba kupita kiasi, na katika mambo ya maji wembamba huadhibu mara mbili: njia ikipungua upana mara kumi, uwezo wa kupitisha hupungua mara mia. Tena kila chembe huyakumbatia maji yaliyo karibu nayo. Ndiyo sababu mfinyanzi unaweza kubeba maji mengi kuliko mchanga na bado ukakunyima tone. Mfinyanzi mzuri ulioshindiliwa vizuri, ukiachiwa maji yaupenye kwa uzito wake tu, huruhusu kina cha sentimita 3 hivi kwa mwaka mzima. Changarawe safi hupitisha kiasi hicho kwa sekunde chache.

Fundi alichukua donge, akaliviringisha kati ya viganja mpaka likawa kamba nyembamba kama kalamu, akaipinda ikawa pete. Pete ilipasuka. Akaitupa: mchanga mwingi. Akasogea hatua kumi, akachukua donge jingine, akaviringisha, akapinda. Pete ikakaa. Akaipeleka puani, akainusa. Akavunja kipande, akakitia kati ya meno ya mbele, akatafuna kidogo na kutema. Kama kuna mchanga, meno husikia kabla ya vidole. Mwisho akafinyanga kikombe kidogo, akakijaza maji na kukiacha juu ya jiwe chini ya jani la mgomba hadi kesho yake. Asubuhi maji yalikuwa bado yamo, na jiwe chini ya kikombe lilikuwa kavu. Hapo ndipo aliporuhusu vijana kujaza magunia.

Kukanda kulichukua nusu siku. Walitandaza udongo juu ya turubai, wakautia maji kidogo kidogo, wakaukanyaga kwa visigino kwa mwendo mmoja, wakigeuza, wakikanyaga tena. Walikuwa wanafanya kwa makusudi kile ambacho pikipiki hufanya barabarani bila kukusudia: kuvunja kila njia. Kila uzi wa mzizi walioukuta waliutoa. Nilidhani ni unadhifu wa kupita kiasi hadi aliponieleza, "Mzizi mmoja ni bomba moja." Mzizi huoza, unaacha tundu la urefu wake, na maji yakilipata tundu hilo hulipanua kila siku.

Mtaro wa ukuta walikuwa wameuchimba kukata bonde, ukaingia ndani ya jiwe zima kiasi cha shubiri, na pembeni ukapinda mbele kama mabawa yanayoukumbatia mlima. Ukuta ni wa mawe na saruji. Saruji ya huku nyingi huja kutoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi, na bei yake huwafanya watu kuiheshimu. Lakini uchache haukuwa sababu pekee ya yeye kuitumia mbele tu, panapogongwa na bidoni na kukanyagwa na watu. "Saruji ni ngumu, haina msamaha," alisema. Mlima ukijinyoosha kidogo, saruji hupasuka na hubaki imepasuka. Mfinyanzi uliokandwa, ilimradi haukauki, hujisogeza na kufunga.

Inafaa kukumbuka kwamba neno letu saruji nalo lilitoka kwa watu wa mifereji. Oman kuna mifereji ya kale iitwayo aflaj, ambayo huleta maji kutoka chini ya milima hadi mitendeni, na mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lipu yake ya kuzuia maji yasipotee njiani huko huitwa saruji, nayo hutengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa na kusagwa. Kwa hiyo tunapotaja mfuko wa kiwandani kwa jina hilo, bado ndani yake umo udongo uliofundishwa kuyakataa maji.

Nyuma ya ukuta, chini kabisa, mahali ukuta unapokutana na jiwe, ndipo fundi alipofanya kazi aliyokataa kumwachia mtu yeyote. Aliufinyanga mfinyanzi madonge ya ukubwa wa ngumi. Donge moja moja alilirusha kwa nguvu kwenye kona, *pa*, likawa bapa na kushikana na lenzake. Akilirusha, alikuwa anafukuza hewa. Akimaliza safu ya unene wa shubiri, anaishindilia kwa mti uliochongwa bapa mwishoni, akianzia katikati kwenda kwenye mabawa, kisha anakwangua uso wake kwa vidole ili safu ijayo iume. Sikumwona akiharakisha hata mara moja. Kijana mmoja akamwambia, "Papa, mvua inakuja." Akajibu bila kugeuka: "Iache ije. Itanikuta hapa."

Baada ya hapo ilikuja zamu ya kupitisha. Mawe yaliyooshwa moja moja yakapangwa kuanzia kwenye jicho hadi kwenye bomba, makubwa nyuma, changarawe juu yake. Hivyo maji yakitoka mlimani yanakuta pande zote mfinyanzi na jiwe zima, na mbele njia pana iliyonyooka. Hayajalazimishwa. Yameonyeshwa njia.

Juu ya mawe akatandika turubai nzito, juu ya turubai mfinyanzi tena, wa kina cha nusu dhiraa, kisha udongo wa kawaida na majani yaliyopandwa kwa vipande. Kifuniko hiki kinahusu usafi. Maji ya mvua yanayopita juu ya ardhi hubeba kila kilichoachwa juu yake, na mita moja ya mawe haiwezi kuyachuja. Ila maji yaliyotembea polepole ndani ya mlima yamekwisha kuchujwa. Kazi ya kifuniko ni kuwatenganisha wawili hao wasionane. Kwa sababu hiyo hiyo alichimba mtaro wa kukinga maji juu ya chemchemi, akaweka uzio, akaikataza kamati ya chemchemi isiruhusu choo upande wa juu ndani ya mita 30. Watu wa Butembo na wa mji jirani wa Beni hawahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hili. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliowaua watu 2,287, ndoo ya kunawia ilisimama kwenye milango, na ndoo hiyo lazima mtu aliijaza mahali fulani.

Siku ya kufungua, kwanza yalitoka maji ya kijivu, kisha ya rangi ya chai ya maziwa, na kabla ya saa kumi alasiri yakawa safi. Fundi akaweka bidoni, akabonyeza simu. Kabla ya kazi, alipokuwa ameyakusanya kwa gome la mgomba, bidoni ilijaa kwa sekunde 52. Sasa ilijaa kwa 40, kwa kuwa zile nyuzi mbili nyembamba zilikuwa zimeungana na nene. Nusu lita kwa sekunde: lita 43,200 kwa siku, usiku ukihesabiwa, yaani bidoni 2,160. Akina mama walipiga vigelegele. Yeye alikuwa anatazama juu ya kilima.

Huko juu kuna ukataaji mwingine, ambao hakuna fundi aliyeupanga. Kila mwaka mabati mapya, nyua mpya zilizoshindiliwa kwa miguu, njia mpya. Mvua inayoangukia huko haiingii tena kwenye udongo mwekundu. Inakimbia kwenye barabara, inachimba makorongo, inabeba udongo hadi mto Kimemi, na saa mbili baadaye imekwenda zake. Kilima kisichokunywa mwezi wa kumi na moja hakina cha kutoa mwezi wa saba. Katika salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, ya Jumamosi iliyofuata fundi aliwaomba watu wa juu mambo matatu: wachimbe mashimo ya kupokea maji ya mabati, waache majani kwenye miteremko yao, na wasipande mikaratusi karibu na jicho. Hakuwaomba kwa ukali. Alisema kama mtu anayewaombea watoto wa watu wengine chakula.

Nilirudi naye mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimekaza na vumbi jekundu limefunika majani ya migomba. Bidoni ilijaa kwa sekunde 47. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine kwenye foleni aliyeligundua. Akavua kiatu kimoja. Akapitisha wayo wake polepole mguuni pa ukuta, kutoka bawa la kushoto hadi bawa la kulia, akikanyaga pale ambapo maji yaliyokosa njia yangejipenyeza kwa siri, chini ya yale madonge yake ya ngumi. Alipofika mwisho alisimama kidogo, akaugeuza wayo na kuutazama.

Ulikuwa na vumbi.